Pikapu mpya ya dizeli: injini ikae kilomita ngapi kabla ya kuityuni?

GiaYaTano

Wakuu habari zenu, naomba mwongozo maana kichwa kinauma. Nimechukua pikapu mpya zero kilomita, dizeli turbo, gia za mkono, sasa hivi deshibodi inasoma 340 tu. Nia yangu toka mwanzo ni kuipeleka kwa fundi wa kompyuta aityuni, yaani abadilishe mpangilio wa kompyuta ya injini aniongezee nguvu kidogo, huwa navuta trela na milima inanitesa, sio mambo ya kukimbizana barabarani.

Sasa nimeuliza watu watatu nimepata majibu manne 😅 Aliyeniuzia anasema nisikanyage kabisa mpaka ifike 1,000. Fundi wa kutyuni anasema hata kesho nilete, injini za siku hizi zinakuja zimeshamalizwa kila kitu kiwandani. Jamaa yangu dereva wa lori kasema chini ya 10,000 nisithubutu, halafu huyohuyo jioni akaniambia injini mpya ukiibembeleza inakuwa legelege maisha yake yote.

Kitabu cha gari nimesoma. Nisivute trela kilomita 800 za mwanzo, nisikae spidi moja muda mrefu, nisiondoke kwa kishindo, basi. Kuhusu kutyuni hakisemi kitu na wala sikutegemea kiseme. Je hii habari ya kuzoesha injini ni kweli au ni imani tu, na nitajuaje kwamba sasa imekaa sawa? Na oili ya kiwandani niimwage mapema au nisubiri sevisi?

MotoChini

Peleka leo mkuu usijitese. Yangu niliityuni ikiwa na 600 na mpaka sasa inapiga kazi. Injini unaifundisha, ukiifundisha uvivu itakuwa mvivu.

Mtu_wa_Sampu

@MotoChini ya kwako imepona na ninakuamini, ila ngoja nimweleze mwenye uzi kinachotokea humo ndani halafu ataamua mwenyewe.

Kinachozoeshwa hasa ni ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Ule ukuta sio laini kama kioo, umepigwa honingi, una mistari midogo sana inayokatana kama wavu, ukipitisha ukucha taratibu unaisikia. Kazi ya mistari ile ni kushika oili. Vilele vyake vinasagwa na ringi kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vinaelewana na gesi haipati pa kupita. Sasa watu wengi wanadhani ringi inajibana yenyewe ukutani kwa sababu ni kama springi, kweli ina mbano wake lakini ni mdogo sana, kinachoibana kisawasawa ni gesi ya mlipuko yenyewe ambayo inashuka inaingia nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma nje. Dizeli ya turbo ya kisasa ikiwa imebeba mzigo presha mle ndani inaweza kupita bar 150. Ukiendesha kama umebeba mayai hiyo presha hamna, ringi inateleza juu ya oili, ile oili inayobaki ukutani inaungua na kuganda kama vanishi, inajaza ile mistari, na ikishajaa ringi haina tena cha kusaga. Hapo ukuta unang'aa kama sahani, na gari linakunywa oili mpaka siku utakayoifungua injini. Kwa hiyo jamaa yako wa lori jioni alikuwa sahihi kuliko mchana.

Ila kukanyaga mpaka chini kutoka kilomita ya kwanza nako siko. Vitu vipya vinavyosuguana vina joto zaidi, vile vilele vinachemka, ringi inaweza kukwangua ukuta badala ya kuusaga. Unachotaka ni mzigo wa muda mfupi mfupi, halafu unaiachia ipoe.

Mimi nafanya hivi. Naipasha moto kwa kuiendesha taratibu, sio kuiacha sailensi (imesimama, haijakanyagwa) inanguruma uani, na nakumbuka mshale wa maji ukifika katikati oili bado haijafika, yenyewe inachelewa sana, natembea dakika nyingine kumi hivi. Kisha gia ya tatu au ya nne, naanzia kama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,600, nakanyaga nusu mpaka theluthi mbili, napanda mpaka 3,000 hivi, naachia mguu wote na gia ikiwa ndani, linajishikilia lenyewe mpaka 1,600, narudia. Mara nane au kumi halafu natembea kawaida. Kwenye petroli ule wakati wa kuachia mguu kunatokea mvuto kwenye silinda unaovuta oili juu kidogo na kuosha unga wa chuma, dizeli haina mvuto wa namna hiyo kwa sababu njia ya hewa haifungwi vile, lakini kuachia bado kunasaidia maana pale ndo inapopumzika joto.

Kibaya kuliko vyote, na hiki nakiona kila siku kwa watu wanaojiita waangalifu, ni gia kubwa mizunguko midogo mguu chini. Gia ya tano, RPM 1,200, mlima, gari inatetemeka na mtu anajiona anaitunza. Teremsha gia.

Fundi wako wa kompyuta hakudanganya sana lakini. Honingi za viwandani siku hizi vile vilele vinakuwa vimeshakatwa kabla, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ndogo kuliko zamani, na sehemu kubwa inaisha ndani ya kilomita mia kadhaa. Alichoruka ni ile sehemu ndogo inayobaki ambayo kwenye dizeli inachukua muda, na vitu vingine ambavyo sio injini kabisa. Hivyo waje wengine wasemee.

MzeeWaTrela

Hapo kwenye vanishi naomba niongezee maana yalinikuta.

Lori langu lilifanyiwa ovahoo kamili, laina (kuta za silinda) mpya pistoni mpya kila kitu, na fundi (fundi mzuri tu wa mikono, sina ugomvi naye) akaniambia liache lingurume siku nzima lijisage lenyewe. Nikaliacha. Masaa sita sailensi. Kesho yake masaa mengine manne. Halafu wiki mbili nikaliendesha tupu bila mzigo kwa huruma, mimi nikijiona baba bora. Baada ya mwezi nikifungua kifuniko cha kumwagia oili moshi unatoka pale kama birika limechemka, na nilikuwa naongeza oili karibu kila safari. Nikasema ringi mbovu hizi nimeuziwa feki. Tulipofungua ringi zilikuwa nzima kabisa, karibu mpya, hazijasagika popote, ndo tatizo lenyewe! Laina zinang'aa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, ile mistari ya honingi huioni kabisa mpaka utafute na tochi. Ikabidi kupiga honingi upya na ringi nyingine seti nzima. Safari hii nikalipakia nusu mzigo siku ya kwanza na kwenda kwenye mlima. Halijanidai oili tena.

Injini yako mpya ya kiwandani haiwezi kufika huko kirahisi, ila kuliacha asubuhi lingurume nusu saa eti linapata joto, acha.

GiaYaTano

Asanteni sana, nimejifunza zaidi hapa kuliko kwenye mwaka mzima wa video. Sasa nimefika 1,100, nimefanya kama @Mtu_wa_Sampu alivyosema, na jana nimeamua kumwaga oili ya kiwandani bila kusubiri kitabu. Sasa nimeogopa. Nilipoiweka kwenye beseni juani nikaona inameremeta, kama ile rangi ya gari yenye vumbi la fedha ndani yake. Ni kawaida au nimeshaiua? Na filta bado ninayo sijaitupa.

Mtu_wa_Sampu

Usiogope, umefanya vizuri kuangalia juani maana chini ya bati usingeona kitu. Meremeta laini ambayo ukiisugua kati ya vidole huisikii ni unga wa kuzoeana, ndo hiyohiyo tunayoitafuta itoke. Kinachotisha ni vipande, kitu unachokisikia kwenye kidole au kinachoonekana kina umbo.

Hiyo filta ipasue. Usitumie msumeno wa chuma, utajaza unga wa msumeno halafu uanze kulia kwamba injini imekufa, tumia kile kikata makopo cha mviringo au kama ni filta ya karatasi tupu ndo rahisi zaidi. Kata karatasi kwa kisu, ikunjue yote kama akodiani, ifunge kwenye kitambaa uibane kwenye jiliwa oili itoke, halafu itandaze juani. Pitisha sumaku. Inayonasa ni chuma, ya ringi au gia au ukuta. Isiyonasa na inang'aa nyeupe ni alumini, ya njano au nyekundu inaweza kuwa beringi au bushi, hiyo ukiiona nyingi ndo uje hapa mbio. Ukikuta vinyuzi vyepesi kama raba vya kijivu au vyeusi ni silikoni ya gaskiti imezidi kiwandani, injini mpya nyingi zinayo.

Na kama unapeleka oili maabara kupimwa usishtuke silikoni ikisoma juu mara ya kwanza. Kwa injini ya zamani tungesema vumbi linaingia kupitia filta ya hewa, kwa mpya mara nyingi ni ileile gaskiti. Shaba nayo inaweza kuwa juu, inatoka kwenye kipoza oili. Kipimo kimoja hakikuambii kitu, unafananisha cha kwanza na cha pili na cha tatu uone zinashuka.

MotoChini

Kwa hiyo mnataka mtu anunue gari halafu awe anapasua filta na kupeleka oili maabara kama mgonjwa 😂 jamani

SensaMbili

@MotoChini filta unaipasua kwa dakika kumi, injini unaipasua kwa wiki, chagua wewe.

Mimi nitasemea vile vingine. Kuna mtu hapo juu kataja kwamba sio injini tu, na hapa ndo wengi wanaumia baada ya kutyuni, injini nzima lakini kilichopo nyuma yake kimekufa.

Difu kwanza, yale magia ya ekseli yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Meno mapya ya krauni na pinioni yakisagana mara ya kwanza yanatoa joto kubwa kuliko yatakavyotoa maisha yake yote, na ndo sababu hasa kitabu kinakukataza trela mwanzoni, watu wanadhani ni injini. Toyota wanaandika 800, Ford kwenye F-150 wanaandika 1,600. Ukishaanza kuvuta anza na trela jepesi safari fupi, ukifika simama, weka mkono karibu na difu usikie joto (karibu, usishike). Mwaga oili yake mapema kuliko kitabu, ile nati yenye sumaku utaikuta imeota ndevu za kijivu, zifute urudishe.

Klachi. Hii wakuu hakuna anayeitaja. Sahani mpya haijalala sawa na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), mpaka igusane yote inahitaji kilomita mia kadhaa za kubadilisha gia mjini kwa kawaida, sio barabara kuu gia moja. Ukiongeza toki (nguvu ya kuzungusha) kabla haijalala itateleza, ikiteleza inaungua, ikiungua inang'aa na haishiki tena. Kujipima: gia ya tano RPM 1,800 mlima mdogo kanyaga yote, ukiona mshale wa RPM unaruka na spidi imebaki palepale basi hiyo klachi haibebi hata nguvu za kiwandani, usiongeze kitu.

Breki na gia boksi sina la kusema, ukiendesha kistaarabu zitajipa zenyewe.

Sasa kutyuni kwenyewe. Kwa dizeli nguvu ni mafuta, na mafuta yasipopata hewa ya kutosha yanakuwa moshi mweusi na joto. Funga geji ya joto la moshi KABLA, sensa yake ikae kabla ya turbo sio baada, ukiiweka baada ya turbo inasoma chini kwa digrii nyingi na itakudanganya. Endesha nayo wiki mbili ukiwa bado na nguvu za kiwandani, panda mlima uleule na trela lilelile, andika namba. Ukishatyuni unapanda tena. Wengi wanaovuta mizigo hawapendi kuona inakaa juu ya digrii 700 za Selsiasi kwa muda mrefu, kumbuka pistoni ni alumini na alumini tupu inayeyuka 660, inayoiokoa ni ule muda mfupi wa mlipuko na oili inayorushwa chini yake kuipoza. Na mwambie fundi asikuwekee toki yote chini ya RPM 1,800. Faili (programu ya kompyuta ya injini) la namna hiyo linafurahisha dakika tano za kwanza kwa sababu gari linaruka, ila konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) na klachi ndo zinalipa, na wewe mwenye trela ndo utakuwa unakaa palepale kila mlima.

Waranti najua hukuuliza. Usidanganywe kwamba ukirudisha faili la awali hawataona. Kompyuta nyingi za sasa zinahesabu mara ngapi zimeandikwa, wakiunganisha skana inaonekana.

GiaYaTano

@SensaMbili hiyo ya waranti fundi kaniambia kinyume kabisa, ahsante.

Filta nimeipasua. Unga tu, sumaku imenasa kidogo kama vumbi la penseli, na vinyuzi viwili vya raba. Nimelala vizuri.

Sasa @Mtu_wa_Sampu, kama sio suala la namba fulani ya kilomita, ni nini basi ninachokisubiri?

Mtu_wa_Sampu

Kijiti cha oili. Ukiweka oili mpya simamisha gari sehemu tambarare, kila mara sehemu ileile, asubuhi kabla hujawasha, pima, piga picha kijiti. Kila 500 rudia. Injini mpya itashuka kidogo mwanzoni halafu mshuko unapungua halafu unasimama. Ukipata vipimo vitatu mfululizo vya 500 havijasogea, ringi zimekaa. Kwa wengine inakuwa 2,000, kwa wengine 6,000, nimeona dizeli nzito ikafika 10,000 bado inashuka na ikaja kutulia yenyewe.

Lakini kuna mtego. Kama gari lako lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile kikijisafisha kinapuliza dizeli ya ziada kwenye silinda, na kiasi fulani kinateleza ukutani kinaingia kwenye oili, hasa ukiwa mtu wa safari fupi fupi kinakatishwa katikati. Kwa hiyo unaweza kuwa unaunguza oili huku dizeli inajaza pengo, kijiti kinakaa palepale miezi na wewe unashangilia. Kinuse. Ukisikia dizeli wazi, au kiwango kimepanda juu ya alama, hicho kipimo hakina maana, mwaga oili anza kuhesabu upya na mpe safari ndefu.

MzeeWaTrela

Hiyo ya kupanda juu ya alama watu wanaipenda wanadhani ni baraka 😄

GiaYaTano

Narudi na ripoti maana sipendi watu wanaouliza halafu wanapotea.

Sasa hivi 5,200. Kijiti kilishuka kama milimita nne kati ya 1,100 na 2,100, halafu milimita moja mpaka 3,000, toka hapo hakijasogea na nimekinusa kila mara mke wangu anadhani nimepata wazimu. Oili ya difu niliibadilisha 1,600, ndevu zilikuwepo kama mlivyosema. Klachi nimeipima mlimani mara tatu haitelezi. Geji ya joto la moshi nimefunga, kwa nguvu za kiwandani na trela lenye mzigo inafika 610 juu kabisa ya mlima wangu, inashuka haraka nikiachia.

Kitu ambacho sikutegemea, gari lenyewe limekuwa jepesi. Ule mlima ambao kwenye 400 nilikuwa napanda kwa gia ya tatu sasa napanda ya nne bila kuguswa na mtu. Karibu niache kutyuni kabisa.

Karibu. Jumamosi naipeleka 😁 nimemwambia toki ianze kupanda 1,900, hataki kusikia habari za kutoa kichujio wala mimi sitaki, na lengo ni moshi usionekane kwenye kioo nikiwa na trela.

SensaMbili

Safi. Kabla hajaandika chochote mwambie asome faili lako la awali kutoka kwenye gari lako na akupe nakala kwenye flashi, sio alilonalo kwenye laptopu la gari jingine la aina hiyohiyo. Na akishamaliza endesha kwanza kilomita 50 zenye mlima bila trela, halafu na trela lilelile uangalie ile 610 yako imekuwa ngapi.

MotoChini

Tuletee namba mkuu. Na mimi wiki hii nimenusa kijiti changu, sitasema nimesikia nini.